Kipimo Kilichomgomea Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na hakuna alichokichukia kama kurudia kazi. Ndiyo maana siku hospitali ilipomwambia arudie kipimo kwa mara ya tatu, alivua miwani akaiweka juu ya meza ya daktari kama mtu anayejiandaa kupigana.

Yalianza uso ulipomvimba na shinikizo la damu kupanda. Daktari akashuku pituitari, tezi ndogo kama punje ya harage iliyo chini ya ubongo. Huenda ilikuwa ikizihimiza mno tezi za juu ya figo zitengeneze homoni ya msongo. Kipimo chake kilikuwa chepesi: ameze kidonge kabla ya kulala, asubuhi atolewe damu. Tezi iliyo nzima ikipata kidonge kile hunyamaza, na homoni hushuka. Ya Mama Pacha haikushuka. Mara ya pili, vilevile.

"Labda kuna uvimbe kichwani," daktari alisema, macho kwenye karatasi.

"Daktari, mimi natumia dawa ya kifafa, mwaka wa tisa huu..."

"Tutafika huko, mama. Una msongo wa mawazo?"

"Sikuwa nao nilipoingia humu."

Wifi yake, aliyemsindikiza kila safari, alimkanyaga mguu chini ya meza. Usiku akameza kidonge tena, na asubuhi yake walipofika kwenye benchi la maabara, Mama Pacha akamwaga ya moyoni. "Wifi, kila nikija namwambia! Nipige tarumbeta?"

"Punguza sauti, watu wanatutazama."

"Watazame! Damu waliyonitoa inatosha kupaka rangi nyumba."

Dada wa maabara alikuwa anamfunga mpira mkononi. "Shangazi," akauliza, "kuna dawa nyingine unayotumia kila siku?"

Mama Pacha alimkodolea macho, kisha akatoa pakiti ya dawa mkobani. Yule dada akasoma jina, akafungua mpira.

"Leo sikutoi damu," akasema, akaipeleka pakiti kwa daktari.

Daktari alikuja mwenyewe, amenywea. Dawa ile ya kifafa, akaeleza, hulifanya ini lichape kazi mbio. Kidonge cha kipimo kilisagwa kikaisha kabla hakujakucha, tezi isipate wa kuinyamazisha. Asithubutu kuacha dawa yake. Ila sasa akusanye mkojo wa siku nzima kwenye dumu, wapime homoni humo.

Dumu likakaa kutwa nyuma ya cherehani, limefunikwa kipande cha shuka. Mteja mmoja akauliza kama siku hizi wanauza na juisi. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mama Pacha hakucheka.

Majibu yakatoka: homoni iko sawa. Shinikizo lilitaka dawa yake, na mwili upunguzwe chumvi na kilo. Daktari akaomba radhi kwa sauti ndogo.

"Miezi minne nawaza nani atanilelea wanangu," Mama Pacha akamjibu. "Pole nimeipokea. Lakini andika." Akasimama palepale mpaka dawa ya kifafa ikaandikwa juu ya faili kwa wino mwekundu.

Jioni ile yeye mwenyewe aliwaogesha pacha wake. Kwa wiki kadhaa kazi hiyo alikuwa amemwachia wifi, maana kila akiwashika alijikuta analia.