Mwanamke wa Bonde la Rebero

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya uhuru, Mkuu wa atelye, karakana yetu ya sanaa, alinipa bonge la udongo akaniambia, "Zubeda, hapa hatuchongi tu. Unafinyanga mtu, unampaka rangi, halafu unasimama mbele ya watu unasimulia habari zake. Ukishindwa moja, umeshindwa zote." Mimi binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo nilizoea sindano. Sikujua kitu.

Alinifundisha kwa subira. Kichwa cha udongo kilikaushwa kivulini siku nyingi kisije kikapasuka. Nyuma yake tulisimamisha ubao, tukatandaza amase, yaani samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, tukainua mistari kwa vidole. Ikikauka tulipaka nyeusi, nyekundu, na ingwa, ule udongo mweupe. Macho ya kichwa yalipakwa mwisho. "Usiyapake kabla hujajua hadithi yake," Mkuu alikuwa akisema.

Alipohamishwa akaja mwingine, mtu wa makaratasi. Wakati wake gari lilituletea udongo kutoka bonde lililo chini ya kilima cha Rebero. Nilikusudia kufinyanga msichana. Vidole vikatoa mwanamke mzima, nyusi moja imekatwa na kovu. Nililisawazisha mara mbili. Udongo ulipokauka, kovu lilirudi. Nikaliacha. Hadithi nayo ikanijia: mwanamke alikwenda kuchimba udongo karibu na kisiki cha mkuyu, ukingo ukamwangukia.

Tulikwenda kuisimulia Kagarama, juu ya bonde lile, asubuhi, uwanja umejaa. Nilipomaliza, bibi mmoja aliinuka, akaja mpaka mbele, akagusa lile kovu.

"Huyu ni mdogo wangu. Nani alikwambia habari yake?"

"Hakuna, bibi. Nimeitunga."

"Alitoka kuchimba udongo, hakurudi. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Akanitazama sana. "Hicho kisiki kiko wapi?"

Mkuu yule mpya akanivuta pembeni. "Mwambie ni hadithi tu, tuondoke. Polisi wakikuuliza ulijuaje, utajibu nini?"

Lakini sikuweza kumfukuza yule bibi kwa maneno hayo. Tulishuka bondeni, yeye, mimi na wanaume watatu wenye majembe. Sikuwa nimewahi kufika huko, ila miguu yangu ndiyo iliyotangulia. Kisiki kilikuwepo. Wanaume walichimba mpaka shimo likawafika kifuani, wakakuta bangili za shaba, bado ziko kwenye mfupa wa mkono.

Bibi alizitambua. Hakulia. Alikaa kwenye nyasi akaniuliza taratibu, "Aliita mtu?"

Katika hadithi yangu aliita. Sehemu hiyo sikuwahi kuisimulia mbele ya watu, maana ilinishinda.

"Aliita dada yake," nikasema. "Mara tatu."

"Nilisikia," bibi akasema. "Nilikuwa napalilia mtama kule juu. Nikadhani ni ndege."

Polisi walinihoji siku mbili, wakaniachia. Niliendelea na kazi miaka mingi, chini ya wakuu wengine wawili, mpaka nikastaafu macho yalipoanza kufifia. Vijana huniuliza kwa nini baada ya Kagarama nilifinyanga wanyama tu, sungura na fisi. Mimi huwajibu kwamba watoto wanawapenda. Ukweli ni kwamba kila niliposhika udongo, vidole vilianza vyenyewe kutafuta pua na midomo, na mimi niliogopa kujua ni ya nani.