Sheitani Niliyemtungia Rafiki Yangu

Nianze na lililo baya kabisa, kwa sababu nikizunguka nitaanza kuchekesha, na kuchekesha ndiko kulikonifikisha hapa. Nimemharibia rafiki yangu njia ya kumfikia mama yake. Mama yuko hai, mzima wa afya, Maskati, anapika na kulea watoto wa watu. Njia ya kumfikia ndiyo niliyoiharibu mimi, mapumziko ya asubuhi, mbele ya darasa zima, na nikapigiwa makofi.

Mjinga mimi! La, mjinga husamehewa. Mimi ni mshenzi.

Jina langu sisemi. Kila skuli ya mjini ina mtu wa namna yangu: yule anayemuiga mwalimu mkuu akikohoa, yule ambaye akinyanyuka tu kwenda kutupa taka, wenziwe wameshaanza kucheka. Msinionee huruma. Nilikuwa najipenda kupita kiasi.

Mwaka huu, skulini kwetu, walitoa mipira na nyavu zilizooza kwenye stoo, wakapaka rangi, wakatia viti viwili vinavyotazamana, wakasema hiki ni chumba cha ushauri nasaha. Kama hulali, kama nyumbani hakukaliki, kama moyo umekuelemea, ingia uzungumze na Bi Zuhura. Bi Zuhura anatusomesha baiolojia, na mambo hayo ya ushauri kayasomea. Alipita darasa kwa darasa akitwambia, "Mlango uko wazi, wanangu. Hakuna la kuonea haya."

Hakuna la kuonea haya! Na miye niko hai? Siku ile ile nikakipa chumba jina: Wodini. Kila aliyetoka nilimpokea kwa "Ugua pole." Kuna msichana alikwenda kwa mambo mazito ya kwao, nikamuuliza mbele ya wenziwe kapewa vidonge vya rangi gani. Hakurudi tena mle ndani. Nikajiona nimeshinda. Nimemshinda nani, Mungu ndiye ajuaye.

Aliyekuwa hajali maneno yangu ni mmoja tu. Nimwite Khalfan, ingawa si jina lake. Ni rafiki yangu tangu chuoni, chuo cha Kurani, tangu tunasoma alifu kwa maalim mmoja na kula fimbo moja. Wazee wake waliachana, mama akaenda Maskati kufanya kazi, yeye akabaki Bububu, nje kidogo ya mji, na baba yake na bibi yake. Baba hataki kusikia hata jina la yule mwanamke. Simu yake ikiingia, anaikata. Khalfan aliwahi kumpigia kwa simu ya jirani, baba alipojua akaapa kuwa akirudia atamtoa skuli.

Khalfan akaacha kulala. Anakuja darasani macho mekundu, analaza kichwa juu ya meza. Tukinunua urojo anaukoroga mpaka unapoa, halafu ananipa miye. Siku moja tumekaa nyuma ya skuli, mara akasema:

"Yakhe, namtaka mama. Basi tu. Namtaka mama."

Hayo alimwambia Bi Zuhura, na akaniambia miye. Hakuna wa tatu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nitamnunulia chupa ya maziwa yenye chuchu. Akacheka. Siku zote alikuwa akicheka vichekesho vyangu, hata vile vinavyomchinja.

Bi Zuhura hakufanya mzaha. Alimwita baba mtu, hakuja. Akamfuata kwake, akafukuzwa kwa adabu. Akamfuata tena. Mwisho baba akakubali kuja skuli Alhamisi, wazungumze jambo moja tu: mtoto asikie sauti ya mama yake. Khalfan alinifuata mbio hadi kwenye bomba la maji kunipa habari.

"Kakubali! Baba kakubali kuja!"

Sikuwa nimemuona na uso ule kwa muda mrefu.

Jumatano, siku moja kabla, mapumziko, Khalfan anatoka kwa Bi Zuhura na miye nina hadhira. Mvua ilikuwa inanyesha, wote tumebanana darasani, tumechoka, na watu wanapochoka wananitazama miye. Nikavua pazia la dirisha nikamfunika Khalfan kichwani. Nikamkalisha chini. Nikapiga meza kama ngoma, nikapuliza vumbi la chaki likapanda mithili ya moshi wa ubani. Nikawa mganga.

"Nani wewe? Sheitani wa bara au wa pwani?"

Darasa limeshalala kwa kicheko. Mwalimu wa hesabu kapita dirishani, kasimama, naye anacheka. Mtu mzima, mwenye shahada!

"Sema! Unataka nini upate kushuka? Unataka mbuzi? Unataka marashi?"

Kisha nikageuka, nikajibu mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya kulialia:

"Namtakaaa mamaaa!"

Nilijua. Usiniambie sikujua. Katika maneno yote duniani nililichagua lile, kwa sababu nilijua ni la kweli, na la kweli ndilo linalochekesha zaidi. Makofi! Mtu mmoja alianguka kutoka kitini.

Chini ya pazia Khalfan akaanza kutetemeka. Nikadhani anacheka. Halafu ikatoka sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu, akalia, akajikunja, akawa anapiga sakafu kwa viganja. Wasichana wa Form One waliokuwa mlangoni wakapiga mayowe: "Kapandisha sheitani! Kapandisha!" Wakatimka kwenye mvua.

Nami nilikuwa bado nimeshika ncha ya pazia.

Sasa nikuulize, habari ile ilihitaji muda gani kufika Bububu? Ilifika kabla ya Khalfan mwenyewe. Mabarazani wanaume wenye ndevu zao, wasiojua mtoto wao yuko darasa la ngapi, walikuwa wanaeleza aina ya sheitani, kabila lake na alichokitaka. Hakuna aliyemuuliza mtoto. Hakuna aliyeuliza skuli. Bibi yake Khalfan aliposikia kuwa sheitani amesema anamtaka mama, akajipiga paja.

"Si nlisema? Yule mwanamke kamtumia jini kutoka Arabuni limvute mwanawe!"

Jioni ile ile Khalfan akatiwa kwenye gari, akapelekwa kijijini Jambiani kwa shangazi wa baba yake, atafutiwe mganga.

Alhamisi Bi Zuhura alipanga vile viti, akaweka na chupa ya maji kwa ajili ya mgeni. Nilimuona akichungulia lango la skuli. Akachungulia tena. Mwisho akampigia baba mtu, akarudi darasani kwetu amevimba uso, akatwambia alichojibiwa: "Ahsante mwalimu, ugonjwa wetu tumeshaujua. Si wa vitabu vyako."

Hakuna aliyenitazama. Wale wote waliopiga makofi, ghafla kila mtu anatafuta kalamu yake! Siwaheshimu hata kidogo, na wao pia wasiniheshimu miye.

Nikasema nitakwenda kusema kweli, yaishe. Kumbe kusema kweli kunataka mtu ambaye watu wamezoea kumuamini.

Nilimkuta baba yake Khalfan barazani kwake, Bububu, na wenziwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ewe, mchekeshaji! Karibu. Hebu waoneshe wazee hawa mwalimu mkuu wenu anavyokohoa."

"Baba, nimekuja kukwambia. Khalfan hana sheitani. Nlikuwa naigiza mie."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mnamuona? Hata uso hauchezi!"

"Wallahi baba, lile neno nlilisema mie, si yeye. Ile sauti yangu."

Baba akaacha kucheka. "Nani kakutuma? Yule mwalimu wenu? Mwambie mwanangu si wa kufanyiwa majaribio."

Nikalia. Barazani, mbele ya watu wazima, kamasi zinanitoka. Na unajua walisema nini?

"Kaweza! Hata machozi anayo!"

Nilirudi mjini nikiwa sina hata mtu wa kumtukana isipokuwa mimi. Kila siku ya maisha yangu nilikuwa nimewafundisha watu wasiniamini, nikawafundisha vizuri, na sasa wamefaulu.

Nikaingia Wodini. Naam, kwa miguu yangu. Bi Zuhura hakuniambia "si kosa lako", Mungu ambariki. Alisema, "Umefanya vibaya sana. Haya, yule baba anamsikiliza nani?"

"Maalim wetu wa chuoni."

Tukaenda kwa maalim. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Umemaliza?"

"Naam."

"Mpumbavu we," akasema, akachukua kofia yake, akafuatana na Bi Zuhura hadi Bububu. Mimi walinikataza kwenda, nisije nikawachekesha wenyeji. Baadaye Bi Zuhura alinieleza kuwa maalim alimwambia baba mtu maneno machache: mtoto kumtaka mama yake si jini. Msomee dua, ni vizuri, na skuli pia mrudishe kwa mwalimu wake, na usingizi ukikataa kuja mpeleke kwa daktari, ipo kliniki ya akili, wala si aibu. Baba alikubali. Nadhani alimuonea haya maalim zaidi kuliko alivyomuonea huruma mwanawe, lakini alikubali.

Khalfan akarudi, mwembamba, ngozi inanuka dawa za kufukiza. Na baba yake, usiamini, akampigia mwenyewe yule mama, akampa mtoto simu.

Ungedhani hapo ndipo ninapofurahi.

Khalfan aliishika simu, mama upande wa pili analia, anauliza hali. Akajibu, "Sijambo. Mzima. Salama. Skuli naenda." Akairudisha. Ndivyo alivyojibu siku ile, na ndivyo anavyojibu kila simu ikija. Nikamuuliza kwa nini, wewe uliyekuwa humalizi kumtaja. Hakukasirika. Angekasirika ningepona.

"Kila nikitaka kumwambia," alisema, "nasikia ile sauti yako."

Chumbani kwa Bi Zuhura haingii tena. Bi Zuhura anamtafuta, anamsalimia, anamwambia mlango uko wazi. Khalfan anamjibu kwa adabu na tabasamu, "Mzima, mwalimu." Anacheka sana siku hizi. Anacheka kila mtu akicheka. Walimu wanasema kapona.

Haya, wewe unayesoma na kutikisa kichwa, usijidai mwema sana. Skuli yenu ipo, chumba kama kile kipo au kitakuja, na kama si wewe unayefanya mzaha mlangoni, basi wewe ndiye unayecheka. Nanyi wazee, mkisikia mtoto kapandisha, muulizeni yeye kabla ya kuuliza baraza. Kuna mwalimu, kuna maalim, kuna daktari. Wote watatu mnaweza kuwapata ndani ya siku moja.

Na kama una mdomo kama wangu, nisikilize. Siku utakapomuona mwenzio anatoka mle, macho yamemvimba, na wenzako wote wamekugeukia wanakungoja useme kitu, na kitu hicho kimeshakujia, kitamu, kiko kwenye ncha ya ulimi: kimeze. Sikuombi uwe mtu mzuri, hata mimi sijawa. Nakuomba unyamaze tu, umpishe apite.