Kilo za Bibi wa Nshamba

Kazi yangu hapa Bukoba ni kuwafundisha wagonjwa ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu vizuri namna ya kujitunza nyumbani. Siku hizi tunawatumia video fupi kwenye simu. Kuna moja ambamo mama mmoja anapanda mizani kila asubuhi na kueleza kwamba kilo zikipanda ghafla ni maji yanajaa mwilini, uwahi hospitali. Mimi niliiona rahisi hata kwa mtoto.

Bibi mmoja wa Nshamba, kule Muleba, aliitazama kwenye simu ya mkwewe mpaka akaikariri. Akawa anajipima kwenye mizani ya jirani anayenunua kahawa. Siku ya kliniki alikuja anahema, miguu imevimba viatu haviingii, na nyuma yake mkwewe amebeba mkungu wa ndizi. Ulikuwa wangu, wa shukrani.

"Mwana wange, dawa zako nzuri," akaniambia. "Nimenenepa. Majirani wote wananisifu."

Nilikasirika, sifichi. Nikamuuliza kama ile video aliitazama au aliisikiliza huku anamenya ndizi.

"Niliitazama," akasema. "Lakini wanangu niliwazika wamekonda, nawageuza kitandani kwa mkono mmoja. Leo mimi naongezeka, niwahi hospitali kufanya nini?"

Kagera nzima inaujua ule ugonjwa uliowamaliza watu kwa kukonda, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Aliyetengeneza video hakuzika na sisi.

Tukamlaza. Dawa za kutoa maji zikafanya kazi, kilo zikawa zinashuka, na kila asubuhi bibi alishuka kwenye mizani akilia. Sisi tunafurahi, yeye anaona anawafuata wanawe. Iliniuma sana, maana kila nilivyomweleza alizidi kuogopa, hata akaanza kuficha vidonge chini ya mto. Angeendelea hivyo, tungempoteza.

Nikaacha maneno. Nikamshika mkono, tukatembea polepole hadi getini na kurudi. Hakusimama kuvuta pumzi hata mara moja. Alikaa kitandani akaitazama miguu yake kwa muda, kisha akaomba maji ya kumezea dawa.

Siku ya kuruhusiwa aliniomba nimrekodi, awatumie majirani kabla hajafika. Akapanda mizani, akakaza kanga kiunoni, akaongea kwa Kihaya bila haraka.

"Mtaniona nimekonda. Msinililie. Napumua."