Mama Sponji Apima Gari la Mkwewe

Mtaa mzima unamwita Mama Sponji, na jina hilo hajalikataa hata siku moja, maana sponji ndiyo iliyomlea mwanawe na ndiyo iliyojenga vyumba vitatu anamoishi. Ana kibanda cha mabati ubavuni mwa gereji. Ndani mna cherehani nyeusi ya miguu, mkasi mzito wa kukatia ngozi, na viti vya magari vilivyong'olewa vikalazwa chali kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Miaka thelathini na mbili anashona viti. Kuendesha hajui, na hataki kujua. Lakini mletee gari lolote, hatatazama rangi wala taa. Atafungua mlango, ataminya kiti, halafu atakwambia aliyekuwa akikikalia alikuwa mnene au mkondefu, mtulivu au mwenye haraka zake.

Wanaume na mazungumzo yao ya magari anawadharau wote bila ubaguzi. Husema mwanaume akiona gari linang'aa anakuwa kama kuku aliyeona kipande cha kioo: atakidonoa mchana kutwa na njaa yake iko palepale.

Na katika hao wote hakuna aliyemdharau kama mkwewe. Mtaani anaitwa Meneja, ingawa si meneja wa kitu chochote. Ni karani wa ofisi ya maji, kazi yake kugonga mihuri, lakini ukimwona anavyotembea utadhani bahari nzima imefungwa kwa kufuli na ufunguo anao yeye.

Mambo yalianza na goti. Dada mkubwa wa Mama Sponji, ambaye wanaishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alipasuliwa goti. Upasuaji ulikwenda salama, ila yule mama anayesimamia mazoezi hospitalini alimwambia bila kumung'unya maneno: mara tatu kwa wiki, miezi mitatu, usikose. Ukikosa, goti litaganda, mguu utakuwa mti mpaka unazikwa nao. Dada akaenda mara nne kwa pikipiki, mguu umenyooshwa pembeni kama bomba, wapita njia wanaukwepa. Mara ya tano ukagonga nguzo ya geti. Alilia siku hiyo, mtu mzima yule, na tangu hapo hakupanda tena. Wiki mbili zikapita. Goti likaanza kuwa gumu, na wote nyumbani walilijua hilo bila kulisema.

Ndipo Meneja akatangaza, wakiwa mezani, kwamba wakati umefika wa kununua gari la familia. Saluni ya kadiri, alisema, si kubwa si ndogo, ya kwendea kazini, sokoni, "na hospitali, kwa ajili ya mama mkubwa."

Hospitali aliitaja mwisho. Mama Sponji alilisikia hilo, akaliweka moyoni.

Jumamosi asubuhi jirani mwenye pikapu akawafikisha kwenye yadi ya magari: Meneja, mkewe ambaye ndiye binti wa pekee wa Mama Sponji, Mama Sponji mwenyewe, na dada, aliyekalishwa kwenye benchi karibu na mlango, mguu mbele, fimbo ubavuni. Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, limeoshwa mpaka matairi yamepakwa mafuta. Meneja alishika karatasi aliyoandika mambo ya kulipima gari, kila jambo limewekewa alama ya vema.

"Nililiendesha Alhamisi, mama," alisema. "Linateleza kama samaki ndani ya maji."

"Uliliendesha wapi?"

"Barabara kuu, ile lami mpya."

"Ulimbeba nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi ulilipima gari la mtu asiye na familia. Endelea na vema zako."

Muuzaji akatokea. Kijana wa shati la mistari na viatu vilivyochongoka, maneno yametangulia, mwili unafuata. "Bosi wangu ana jicho!" alisema. "Katika yadi yote hii, amechagua ua." Akamvisha Meneja kilemba cha ukoka, na Meneja akakivaa, akakiweka sawa. Gari, muuzaji aliendelea, lilikuwa la mwalimu mmoja wa kike, mpole, wa kwenda shule na kurudi nyumbani. Mita inaonyesha halijatembea sana. Redio ina kioo cha kugusa. Kiyoyozi kinagandisha.

"Kiti je?" aliuliza Mama Sponji.

"Kiti kipo, mama yangu. Vipo vitano."

Binti yake aliinamisha uso, maana alimjua mama yake.

Mama Sponji alifungua mlango wa dereva. Viti vilikuwa vimevishwa kava mpya nyeusi, na mshono wake alipouona aliguna kama mtu aliyeonyeshwa chakula kilichoungua. Akaingiza mkono chini ya kava, akaminya. Akaenda mlango wa nyuma, akaminya upande huu, akazunguka upande wa pili, akaminya tena. Akajifuta mkono kwenye kanga kana kwamba ameshika kitu kibovu.

"Huyo mwalimu," alisema, "alikuwa akiendesha amekaa kiti cha nyuma?"

"Kwa nini, mama yangu?"

"Kiti cha dereva kimekufa upande wa mlango. Sawa, kila dereva anakiua hivyo akishuka. Lakini gari la mtu binafsi, kiti cha nyuma kinakaa kama godoro la mgeni, hakiguswi. Hiki kimekufa pembeni, kulia na kushoto, pale mtu anapojitupa akiingia na anapojisukuma akitoka. Katikati ni kizima. Hii ni teksi, mwanangu. Na si ya mwaka mmoja."

"Mama, mita si unaiona inavyosema?" alisema muuzaji.

"Mita inasema ilivyofundishwa kusema. Sponji haikusoma."

Muuzaji akacheka, kisha akatazama viatu vyake vilivyochongoka kama anayeviomba ushauri. "Labda kabla ya mwalimu," alisema. "Mimi sikuwepo."

"Ameshaanza kukumbuka," alisema Mama Sponji.

Meneja aliikunja karatasi yake mara nne. "Mama, hata kama ilikuwa teksi, injini..."

"Injini ataitazama fundi wa injini. Wewe uliitazama redio. Haya, tupande wote. Twende kwetu, njia ya kwetu, si ya waziri."

Wakapanda. Dada alisaidiwa kuingia mbele, kiti kikasukumwa nyuma mpaka mwisho wake. Mama Sponji na bintiye wakakaa nyuma, na hao si watu wembamba. Muuzaji akajibana katikati yao, magoti kifuani.

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri. Walipoiacha lami na kufika tuta la kwanza la mtaani, tumbo la gari likaparuza: krrrrr! Tuta la pili, krrrrr! Kwenye tuta la tatu Meneja alipunguza mwendo mpaka mtoto akitambaa angewapita, na bado likaparuza.

"Samaki huyo," alisema Mama Sponji kutoka nyuma. "Sikiliza anavyoogelea."

Akaendelea kulisema gari njia nzima: buti haliingii magunia mawili, dirisha lake halishuki mpaka chini, na mtu mwenye akili hawezi kununua teksi iliyochoka akaiita heshima. Alisema mpaka akafurahi. Ila dada pale mbele alikuwa kimya, na kimya chake kikamtia wasiwasi bintiye.

"Mama mkubwa, unaumia?"

"Hapana."

"Mbona husemi?"

"Mguu umelala," alisema dada. "Umenyooka wote, haugusi kitu."

Waliporudi yadi wote walishuka isipokuwa yeye. Meneja alimfungulia mlango, akampa mkono. Dada hakuupokea.

"Mimi sishuki."

"Dada," alisema Mama Sponji, "gari hili ni bovu. Nimekueleza. Viti vimekufa, tumbo linaburuza, na muuzaji wake ni mwongo."

"Nimesikia yote, mdogo wangu. Wewe una sponji zako. Mimi nina goti. Wiki mbili sijakwenda mazoezi, ninyi mmekaa mnabishana juu ya magari, na kila asubuhi nikiamka limekaza zaidi. Gari zuri mtalinunua lini? Mguu ukishakuwa mti?"

Mama Sponji alifungua kinywa, akakifunga. Watu wa gereji wanaapa kwamba hawajawahi kusikia jambo la namna hiyo, na wanaulizana mpaka leo kama kweli lilitokea.

Siku hiyohiyo fundi wa gereji aliletwa, akafungua, akasikiliza, akalala chini ya gari, akasema injini ni nzima na kilichochoka kinabadilishika. Mama Sponji alimlazimisha muuzaji kutamka neno "teksi" kwa sauti mbele ya watu wote. Ndipo akakubali gari linunuliwe. Jumapili aling'oa kiti cha nyuma, akakipasua, akakitia sponji mpya, akakishona upya kwa mkono wake, huku akimtukana aliyekishona kwanza.

Jumatatu dada alikwenda mazoezi. Kufika kila tuta Meneja husimama, abiria wa nyuma wanashuka, gari lililopungua uzito linavuka na mgonjwa wake peke yake, kisha wote wanapanda tena. Matuta ni saba kwenda, saba kurudi. Mama Sponji anatembea nyuma ya gari ameinua kichwa, hamtazami mtu, na wanaocheka barazani anawajibu mmoja mmoja.

Wiki ya tano goti lilikunjika mpaka kisigino kikagusa mguu wa kiti. Yule mama wa mazoezi akapiga makofi. Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufunguo kidoleni, alikohoa, akasema, "Unaona, mama? Gari limesaidia."

"Gari lipi?" alisema Mama Sponji. "Lile tunalolisindikiza kwa miguu?"