Ile "Ila" Niliyoikatia Simu

Wiki ile mjomba alikuwa Kibondo msibani, kaniachia banda lake la ufundi redio hapa Kasulu. Akaja mama mmoja Mkongo, kiongozi wa kwaya kambini Nyarugusu, na amplifaya imekufa. Jumapili wanaitaka.

Nikaifungua. Kapasita kubwa, ile inayotunza umeme wa mashine nzima, imevimba kichwa kama andazi. Imeandikwa volti 50. Kwenye boksi la mjomba zilikuwepo mbili tu ndogo, za volti 25. Mimi na fomu foo yangu, nimwambie mama wa watu asubiri? Nikampigia mjomba.

"Nikizifunga mbili pamoja je?"

"Ukizifunga sambamba unajumlisha," akasema, nyuma yake watu wanaimba. "Ila..."

Nikakata. Ila ya nini tena? Ishirini na tano mara mbili, hamsini. Nikazichomea sambamba, nikawasha, nikasikiliza nusu wimbo. Fresh.

"Ni muzuri sana, mwanangu," mama akasema. "Mungu akubariki." Baraka ile nikaipokea kabisa.

Jumatatu mjomba karudi, na mama naye karudi na amplifaya inanuka kuungua. Wimbo wa pili tu, anasema, ikapiga paa! Moshi hadi madhabahuni.

"Ni mupiga kinanda wetu. Njo yeye alifungua sauti sana. Tulimutoa kwa kwaya."

Mjomba akafungua mfuniko, akaziona zile mbili zimepasuka, akasoma maandishi. Akaninong'oneza:

"Nilikwambia unajumlisha nini?"

"Volti."

"Chaji, we! Weka ndoo mbili chini, moja kando ya nyingine. Maji si unapata ya ndoo mbili? Na kimo je, kimeongezeka?"

"Hapana."

"Basi. Kila moja inabeba chaji yake, hizo ndizo unajumlisha. Volti ni kimo, zote mbili kile kile. Humu zinapita volti thelathini na tano, na kila moja, ya ishirini na tano tu, imezipata zote peke yake. Ndiyo ila yangu hiyo."

Kisha akamgeukia mama. "Ilizidiwa umeme, mama. Tutaitengeneza upya."

Uongo si uongo, kweli si kweli. Yangeishia pale, mama angeondoka, na yule wa kinanda angebaki na kesi yangu. Niliangalia bisibisi, niliangalia barabarani. Nilikuwa nataka kweli mjomba anyamaze tu iishe.

"Mama, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilifunga vibaya."

Mama akaitazama ile amplifaya. "Miaka sita iko anatupigia," akasema. "Jana alitoka kanisani watu wanamucheka." Akatoa simu, akabonyeza, akanipa. "Mwambie wewe."

Sauti ya mzee wa kinanda ikaitika. Nikamwambia yote, haraka haraka, nimalize. Kufungua sauti hakukuwa kosa, kapasita nilikosea mimi, baba nisamehe.

"Mama iko pale?" akauliza.

"Yupo."

"Anasikia?"

Nikaweka spika. "Sasa anasikia, baba."

"Basi anza tena mwanzo," akasema. "Na pole pole."