Picha Mbichi ya Mchumba wa Masanja

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Haya niliyaona mimi, saa tano asubuhi, jua linawaka, tumboni nina chai na chapati mbili. Pombe sinywi. Na hadi leo nikikumbuka, mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Mimi ni mpiga picha hapa Bariadi. Mdogo wangu Masanja alipata mchumba mnadani, mgeni, akasema anaitwa Kabula na wazazi wake walishafariki. Kwetu kijijini Lingeka ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kabla bibi hajamwona binti. Bibi miguu imekwisha, na Kabula kila akiitwa ana udhuru. Ikakubalika nimpelekee bibi picha.

Akaja studio. "Mwangaluka," akanisalimu kwa adabu, akaketi. Mzuri, jamani, uongo dhambi. Ila nzi walimfuata yeye tu, mimi wakanipita.

Sasa nisikilize. Kamera yangu huhifadhi kila picha mara mbili. Ya kwanza inaipika yenyewe humohumo: inalainisha ngozi, inaongeza mwanga. Ya pili inaiacha mbichi, niitengeneze mwenyewe kwenye kompyuta. Wateja wa haraka nawapa iliyopikwa, na ya Kabula ilitoka safi kabisa. Lakini kwa bibi nilitaka kazi ya maana, nikafungua ile mbichi.

Mungu wangu. Shavu limeoza. Funza wamejaa kwenye tundu la jicho, weupe, wanono, kama punje za wali. Fizi nyeusi, usaha umegandia kidevuni. Na harufu, niamini, ilitoka kwenye kioo cha kompyuta: panya aliyefia ndani ya gunia la pamba. Nikageuka. Kabula yuko palepale kitini, mbali, kioo hakioni, ananitabasamia.

"Watoe hao, shemeji," akasema taratibu. "Si ndiyo kazi yako?"

Unajua mimi mpumbavu nilifanya nini? Niliwatoa. Nikajidanganya kwamba kadi ya kamera imeharibika. Miaka yote nafuta chunusi na makovu ya watu, mkono umezoea. Nikafuta funza mmoja mmoja, nikaziba jicho, nikapaka ngozi juu ya uozo, huku natapika kwenye ndoo ya kudekia. Pyuu! Ningempa bibi ile ya kamera, leo ningesema kamera ndiyo iliyodanganya. Hii niliidanganya mwenyewe.

Bibi aliishika picha, lakini macho akayaweka kwangu.

"Mjukuu wangu, ndivyo ulivyomwona?"

"Ndivyo, bibi."

Ng'ombe wakatoka.

Masanja sasa amekonda, ngozi ya shingo inamlegea, na anasema hajawahi kuwa na furaha hivi. Siwezi kula naye sahani moja. Ndugu yangu wa tumbo moja, namwonea kinyaa! Juzi alikuja nimpige picha ya kitambulisho, nzi wakaingia naye. Kwenye kamera anang'aa. Ile mbichi ninayo, sijaifungua.

Bibi bado ananiuliza mjukuu wake anaumwa nini. Namjibu nini mimi?

Kwa hiyo wewe, ukiona uozo kwenye picha ya mtu, usiuguse. Mpelekee bibi yako hivyohivyo. Atapike, na ng'ombe walale zizini.