Milango ya Mtaa Wetu

Mjomba wangu ni seremala, na ulimi wake ni mkali kuliko patasi zake. Alinilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki, na nilipokua, badala ya kunitafutia mume akanitafutia randa. Watu walipomsema aliwajibu kwamba hajawahi kuona randa iliyotoroka na mke wa jirani.

Zamani tulitengeneza vitanda na makabati. Kisha mbao zikaadimika kama sukari, kama dawa, kama kila kitu isipokuwa picha za Mtukufu. Askari nao wakaanza kuwapiga watu risasi kwenye foleni za unga, tukageuka watengeneza majeneza bila kuombwa. Mbao hazipo, maiti wapo. Mjomba ndiye aliyebuni njia: mfiwa anang'oa milango ya nyumba yake, anatuletea. Wa mbele unatoa kitako na kifuniko, wa chumbani unatoa mbavu. Pale mlango ulipokuwa, anatundika shuka.

Kila asubuhi redio ilitangaza kwamba nchi ni shwari na hakuna aliyekufa. Waongo wasio na haya. Ungepita mtaani kwetu ungeona mashuka yanapepea nyumba hadi nyumba, na kila shuka lina marehemu wake.

Wakubwa nao wakaona. Mtukufu alikuwa apite barabara yetu na wageni wenye kamera, akienda kufungua kiwanda kisicho na mashine hata moja. Basi lori likaja, limesheheni mbao mpya, nyeupe, bado zinanukia utomvu. Nilipoziona machozi ya hasira yalinitoka. Kumbe zilikuwepo! Sisi tunazika watu kwa milango yao, mbao zimelala ghalani zinasubiri shughuli ya wakubwa. Mwenyekiti wa mtaa, tuliyemwita Kipaza kwa sababu hakuwahi kusema neno lake mwenyewe, alimwagiza Mjomba kila nyumba yenye shuka ipate mlango. Ubao mmoja ukienda kwingine, alisema, Mjomba atakiona cha mtema kuni.

Tulipiga kazi mpaka ukabaki mlango mmoja, wa mama muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Milango yake ilikuwa imeshakwenda na mumewe. Asubuhi hiyo wakamletea mwanawe wa pekee juu ya mkokoteni. Alikuwa amekwenda kuuliza unga utafika lini. Mama hakulia. Aliketi chini kwenye maranda ya karakana yetu, akasema hana tena kitu cha kutuletea.

Mjomba aliziangalia mbao za mlango wa mama huyo na nyingine zilizobaki, zimeshapigwa randa, zimeegemea ukuta. Nilimvuta pembeni nikamwomba asithubutu. Nilijua tukikataa, kijana atazikwa ndani ya magunia ya mkaa, na bado niliomba, maana sijapata kuwa na baba mwingine.

"Shika upande ule tupime," akaniambia.

Lilikuwa jeneza zuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Tulilipeleka makaburini mchana kweupe, na Mjomba alibeba mbele.

Kesho yake kamanda alikuja kukagua mtaa kabla ya msafara, Kipaza nyuma yake anahema. Milango yote ilikuwa imesimama vizuri, isipokuwa kwa mama muuza mkaa, ambako shuka lilikuwa palepale. Kamanda akauliza mlango wa nyumba hii uko wapi. Mama alifungua kinywa, Mjomba akamuwahi.

"Uko makaburini, afande. Nenda kapige hodi."

Mtu mmoja akacheka, nyuma ya mojawapo ya milango mipya. Kisha mwingine. Nadhani kicheko kile kiliwauma kuliko jibu lenyewe. Walimpiga hapohapo mbele yetu, wakamtupa garini, na Kipaza akawafungulia mlango wa gari.

Walimrudisha mvua zilipoanza. Vidole vya mkono wa kulia walikuwa wameviponda kwa nyundo, kimoja kimoja, kwa kuwa waliambiwa ni seremala. Siwasamehe, na asije mtu kunihubiria. Siku hizi msumeno ninashika mimi. Mjomba anakaa kwenye kigoda, ananielekeza kwa kidevu na kunitukana nikienda kombo.

Juzi Kipaza alikuja. Alikuwa amebeba milango yake miwili mgongoni, amepinda, jasho linamtiririka, na safari hii kweli hakuwa na la kusema. Bintiye alikuwa amepita karibu na foleni akitoka shule. Nilitaka kumtemea mate. Mate yalikuwa tayari mdomoni.

"Mpokee mzigo," Mjomba akasema.

Nikaupokea, nikachukua futi, nikapima. Mlango wa pili nilimrudishia. Mtoto alikuwa mdogo, mmoja ulitosha.